Kabla Hujasema Una Stresi, Umekula Nini?

Haya ni maneno waliyoambiwa wanafunzi wa vyuo waliokusanyika Tunguu, Unguja, wiki chache kabla ya mitihani. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa na vipindi, waliopo Pemba, na waliokosa nafasi ukumbini.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Waheshimiwa walimu wetu, mama walezi wa mabweni, dada zangu na kaka zangu wanafunzi. Mliokaa kule nyuma njooni mbele, feni za huku zinafanya kazi.

Sianzi na maana ya msongo wa mawazo, hiyo mtaisoma wenyewe. Naanza na swali. Sasa hivi ni saa nane mchana. Nani hapa ameshakula chakula cha mchana? Nyoosheni mikono. Wachache. Nani asubuhi alikunywa chai yenye kitu cha kutafuna? Afadhali. Na nani, tangu aamke, amepita na soda peke yake, au kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu? Msicheke, naiona mikono inayonyooka nusu nusu.

Basi nililokuja kusema ni hili, na nitalirudia mpaka mnichoke. Sehemu kubwa ya kile mnachokiita stresi ya chuo ni njaa, ni usingizi mnaoudaiwa, na ni kafeini, ile ya kuchangamsha iliyomo kwenye chai, kahawa na hayo makopo. Sisemi stresi ya kweli haipo. Ipo. Ada haijalipwa, sapu mbili, mitihani ya kurudia, zinakungoja, mzee anaumwa Wete na wewe uko huku. Hizo ni shida za kweli na hakuna sahani ya wali itakayoziondoa. Lakini juu ya hizo za kweli mnajiongezea nyengine za kujitengenezea wenyewe, halafu mnaingia nazo zote kwenye chumba cha mtihani.

Tuanze na mwili unavyofanya kazi.

Zaidi ya miaka mia iliyopita alikuwepo mwanasayansi wa Marekani, Walter Cannon, akichunguza tumbo kwa eksirei, wakati huo eksirei yenyewe bado ni jambo geni. Aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na dawa inayoonekana kwenye picha, akaangalia tumbo linavyokisukuma. Paka aliyetulia, tumbo lilikwenda kwa mpangilio. Paka huyo huyo akiudhiwa au akiogopeshwa, tumbo lilisimama. Akitulizwa, linaanza tena. Mwaka 1915 Cannon alitoa kitabu kizima juu ya hofu, hasira, maumivu na njaa vinavyobadilisha mwili.

Na nyinyi ndivyo mlivyo asubuhi ya mtihani. Adrenalini, homoni ya hofu, inapanda, damu inapelekwa kwenye misuli, tumbo la juu linapunguza kazi. Ndiyo maana unatafuna mkate, haushuki. Wakati huo huo utumbo mpana unaharakishwa, ndiyo maana mtihani ni saa tatu na mtu ameshakwenda chooni mara nne. Hujarogwa, wala huna uoga kuliko wenzako.

Hiyo ni stresi ya dakika na masaa. Stresi ya wiki ina sura nyengine. Hapo inayotawala ni homoni iitwayo kortisoli, na hii, ikikaa juu kwa muda mrefu, kwa watu wengi inarudisha hamu ya kula. Inairudisha kwa vitu vya namna moja: sukari na mafuta. Mtu mwenye mzigo wa asainmenti tatu hatamani mchicha. Anatamani chipsi mayai. Wapo ambao hamu yao haikurudi kabisa, wanazidi kukonda, na hao ni wa kuangaliwa kwa jicho jengine, nitawafikia.

Mchukueni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ametoka Konde, Pemba, amepanga chumba Fuoni na wenzake wawili. Jumatatu ana mada ya kuwasilisha darasani. Asubuhi tumbo limefunga, anatoka bila kitu. Anamaliza kuwasilisha saa sita, mikono inatetemeka, anadhani ni woga haujamtoka. Anakunywa soda, anapata nafuu ya saa moja. Jioni amechoka, hana nguvu ya kuwasha jiko. Saa nne za usiku anakula chipsi mayai na mishkaki, anakwenda kulala tumbo limejaa, kiungulia kinamwamsha saa tisa. Jumanne asubuhi, je, atakuwa na hamu ya chai? Hatakuwa nayo. Na mzunguko unaanza upya. Ukimuuliza, atakwambia, "Stresi, wallahi." Mimi ningemuuliza kwanza kuhusu Jumatatu asubuhi.

Sasa, tumbo likifunga, ufanye nini? Usilazimishe chakula kikavu. Vitu laini hupita pale ambapo mkate umekataa. Uji wa ulezi au wa mtama: vijiko vinne vya mezani vya unga, vilivyojaa, kwa nusu lita ya maji. Koroga unga kwanza kwenye maji ya baridi, kikombe kimoja, ndipo uumimine kwenye maji yanayochemka; ukiutia unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge, na madonge ndiyo yanayowafanya wengi waseme uji hawauwezi. Upike dakika kumi huku ukikoroga. Epua, tia kijiko kimoja cha siagi ya karanga. Ikishindikana hata hiyo, glasi ya maziwa na tende tatu, au ndizi mbivu na karanga za kujaa kiganja. Kunywa kidogo kidogo, hata ndani ya nusu saa. Hicho kidogo kinatosha kukufikisha saa nne mikono haitetemeki.

Jambo la pili ni njaa, na hapa nitakaa kidogo.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vinakaribia mwisho, Ulaya ilikuwa imejaa watu wenye njaa, na madaktari hawakujua vizuri namna ya kumrudisha mtu aliyekonda. Huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys akawachukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea. Walikuwa watu waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao. Jaribio lilianza Novemba 1944. Kwa wiki 24 walipewa chakula pungufu, mara mbili kwa siku, kiasi cha kilokalori 1,570: viazi, mkate, mboga za mizizi, tambi. Sikilizeni vizuri, hawakunyimwa chakula. Walipunguziwa.

Mlitarajia wapungue uzito, na walipungua, karibu robo ya miili yao. Yaliyowashangaza watafiti ni ya kichwani. Vijana wale, waliochaguliwa kwa utulivu wao, wakawa wakali. Wakajitenga. Wakashindwa kushika jambo moja kwa muda mrefu. Wakawa na huzuni. Wakaanza kusoma vitabu vya mapishi usiku kucha, kuota chakula, kulamba sahani. Kahawa na ubani wa kutafuna vikawa vya kupita kiasi hata ikabidi wawekewe kipimo. Chanzo hakikuwa mtihani. Wala hakikuwa ada. Ukali, huzuni, kichwa kisichotulia: mnavijua hivyo? Mnaviita nini?

Hapa chuoni mna neno lenu, pasi ndefu. Kutoka chai ya asubuhi mpaka chakula cha usiku bila kitu katikati, na pengine hata hiyo chai haikuwepo. Na mnajua pasi ndefu zinaanza lini. Bumu, yaani pesa za mkopo za kujikimu, likiingia, wiki mbili za kwanza ni kwenye vyakula vya usiku pale Forodhani, kuku, pweza, juisi ya miwa, kuwakirimu wenzenu. Wiki ya tatu chipsi kavu. Wiki ya nne pasi ndefu. Na ratiba ya mitihani, sijui nani aliipanga, huwa inaangukia wiki ya nne.

Mtu atasema, mbona tunafunga Ramadhani na hatupati wazimu? Swali zuri. Saumu si pasi ndefu. Saumu ina daku, ina futari kwa saa inayojulikana, na nyumba nzima mnakwenda pamoja. Mwili unajua lini chakula kinakuja. Pasi ndefu haina daku wala haina saa. Usizichanganye mbili hizi, na usijifiche nyuma ya saumu ya Jumatatu na Alkhamisi ikiwa sababu yenyewe ni kuwa pesa zimekwisha.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Ukishakuwa na njaa, umeshapoteza uamuzi. Utakula kilicho karibu. Kwa hiyo chakula cha wiki ya nne kinunuliwe siku bumu linapoingia, wakati akili bado imetulia. Siku ile ile, kabla ya kwenda Forodhani, pita sokoni Mwanakwerekwe au Darajani. Nitataja vipimo vya mtu mmoja, kwa wiki nne, mlo mmoja wa kupika kwa siku. Andikeni.

Mchele kilo tatu, hiyo ni gramu mia na kidogo kwa mlo. Choroko au maharage kilo mbili, gramu 70 kwa siku. Dagaa wakavu robo tatu ya kilo. Karanga kilo moja. Unga wa uji kilo moja na nusu. Mafuta lita moja. Mayai 30, lakini usinunue trei nzima kwa mara moja kama huna friji. Nunua 15, halafu 15 baada ya wiki mbili, uyaweke kivulini, usiyaoshe mpaka wakati wa kupika. Yai likielea kwenye maji limezeeka, litupe. Kilichobaki mkononi ndicho cha mchicha, ndizi, ndimu, nauli, na hiyo Forodhani. Mkiwa watatu chumba kimoja, nunueni pamoja na pikeni kwa zamu: mtungi mmoja wa gesi, sufuria moja, na kila mtu anapika siku mbili kwa wiki. Siku ya saba, nendeni mkale kwa jamaa. Kila mtu hapa ana shangazi Unguja.

Choroko hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa dakika 30 mpaka 40. Maharage loweka usiku mzima, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya kwa nguvu dakika kumi za mwanzo ndipo upunguze moto, uyaache mpaka yalainike kabisa. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayotapisha, na wanafunzi wengi wenye haraka wameumwa kwayo wakadhani ni kipindupindu. Dagaa: toa vichwa, osha kwa maji ya vuguvugu, wakaushe, kaanga kwa mafuta kidogo na chumvi mpaka wavunjike ukiwabana, kamulia ndimu. Wakipoa, tia kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Hao wanakaa siku kadhaa bila friji, na ndio mboga ya siku ambayo huna nguvu ya kupika.

Wali usiuweke hivyo, hapana. Tena wali wa nazi, hapana kabisa. Najua kiporo tunakipenda, lakini sikilizeni sababu. Ndani ya mchele kuna bakteria wanaostahimili moto wa kupikia kwa kujifungia ndani ya ganda gumu. Ukiuacha wali kwenye sufuria usiku kucha, kwa joto letu hili, wanaamka, wanazaana, wanatoa sumu. Asubuhi unaupasha, bakteria wanakufa, sumu inabaki pale pale, kwa sababu sumu ile haiharibiki kwa kupasha moto. Ndani ya saa chache unatapika. Pika wali wa kula siku hiyo. Ukibaki, uliwe ndani ya saa mbili, au ukipata friji ya jirani utandaze kwenye sahani upoe upesi kisha uutie.

Tuingie kwenye usingizi na makopo.

Vinywaji vingi vya kuongeza nguvu vina kafeini ya kiasi cha miligramu 30 kwa kila mililita 100. Someni kwenye kopo, imeandikwa kwa herufi ndogo. Kopo la nusu lita, basi, ni miligramu 150 mpaka 160. Sukari yake hufika gramu 55, karibu vijiko 14 vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kawaida, na likasema ikishuka mpaka 25 ni bora zaidi. Kwa kopo moja umeshapita kipimo cha siku, na bado hujanywa chai ya mtu yeyote.

Sasa hesabu. Kafeini hupungua nusu mwilini kwa wastani wa saa tano. Kijana anakunywa makopo mawili saa nne usiku ili akeshe: miligramu 320. Saa tisa usiku zimebaki 160. Yaani anapojitupa kitandani, ni sawa na mtu aliyekunywa kopo zima muda huo huo. Anapata usingizi, lakini ni mwepesi, wa kukatika katika. Saa mbili asubuhi yuko darasani na miligramu 80 zinazompiga moyo kwa kasi, mikono inatoka jasho. Anasema ana wasiwasi wa mtihani. Kaka yangu, huo si wasiwasi wa mtihani, hiyo ni kafeini ya jana.

Mtu mzima mwenye afya, asiye mjamzito, asivuke miligramu 400 kwa siku nzima. Kikombe cha chai ya rangi kina 40 hivi, kahawa ya unga kijiko kimoja kina 60. Kama ni lazima, iwe kabla ya saa nane mchana, na makopo yale, kwa maoni yangu, yaachwe kabisa. Na mirungi siitaji kwa marefu. Inaondoa njaa na usingizi kwa pamoja, ndiyo sababu inawavutia wanaokesha, ndiyo sababu inawamaliza, na sheria imeipiga marufuku.

Kwani kukesha kuna faida gani? Mwaka 1964, kijana wa skuli wa miaka 17 huko San Diego, Marekani, Randy Gardner, alikaa macho siku 11 kwa ajili ya maonesho ya sayansi, akiangaliwa na wataalamu. Siku ya mwisho akapewa hesabu ndogo: anza na 100, toa saba, endelea kutoa saba. Mia, tisini na tatu, themanini na sita. Alipofika 65 akanyamaza. Wakamuuliza kwa nini umesimama. Akajibu amesahau alikuwa anafanya nini.

Nyinyi hamkeshi siku 11. Mnakesha siku tatu, mnalala saa nne za haraka haraka. Lakini kazi ya kuhamisha ulichosoma kutoka kumbukumbu ya muda kwenda ya kudumu inafanyika ukiwa umelala. Ukisoma mpaka alfajiri ukaingia kwenye mtihani, umeikata kazi katikati. Na usingizi mchache unaongeza homoni ya njaa na kupunguza ile inayosema umeshiba, kwa hiyo aliyekesha ndiye anayekula maandazi sita asubuhi na bado anatafuta. Kwa umri wenu ni saa saba mpaka tisa. Isha, soma mpaka saa tatu na nusu, lala, amka alfajiri, sali, soma tena kichwa kikiwa kipya. Simu iwe mbali na mkono, upande wa pili wa chumba, ikupigie kengele kutoka huko ili ulazimike kusimama.

Na kwa kuwa mitihani na Ramadhani hukutana mara kwa mara: yule kichwa kinachomuuma siku ya kwanza na ya pili ya Ramadhani, mara nyingi si saumu, ni kahawa aliyoikosa ghafla. Maumivu hayo huanza ndani ya saa 12 mpaka 24 tangu kikombe cha mwisho. Punguza kikombe kimoja kila siku mbili au tatu, uanze wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Daku isiwe chai na mkate tu. Tia mayai au maharage, na maji kati ya futari na daku yagawanywe, usiyanywe lita moja na nusu kwa mkupuo wakati wa daku.

Mnasemaje? Tuendelee? Haya.

Vidonda vya tumbo. Kila mwanafunzi mwenye kiungulia anasema ana vidonda, na kila mwenye vidonda anasema kasababishiwa na mawazo. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, aliyekuwa akifanya kazi Perth na mwenzake Robin Warren, alichoka kubishiwa. Wao walisema bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye mwenye kesi, dunia ikasema ni stresi na pilipili. Marshall akawanywa bakteria wenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, tumbo limewaka. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo kidonda cha kweli, mara nyingi, kina bakteria, na bakteria anapimwa kwa kinyesi au kwa pumzi na kutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu pamoja na za kupunguza asidi, mpaka dozi imalizike. Sababu ya pili kubwa ni vidonge vya maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Mwanafunzi kichwa kinamuuma kwa njaa, hajala tangu jana, anakwenda duka la dawa ananunua diklofenaki, anameza kwa soda. Halafu jioni anatafuta urojo wenye pilipili na embe mbichi. Sitaki kuusema vibaya urojo, utaniondoa Unguja. Urojo wenye yai, kachori na mishkaki ni mlo. Lakini uwe juu ya tumbo lililokula kitu. Na kichwa kikiuma, kula kwanza, kunywa maji, subiri nusu saa. Ikibidi dawa, parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, na visizidi vinane kwa siku nzima. Ukiona kinyesi cheusi kinachonata, au ukitapika damu, usisubiri mtihani uishe. Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja, au ya Chake Chake kwa walioko Pemba, siku hiyo hiyo.

Akina dada, hili ni lenu zaidi. Kuchoka, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kushindwa kukaza akili, kutafuna barafu au udongo: hayo yanaweza kuwa upungufu wa damu, na yanafanana sana na stresi. Mtu anapewa nasaha miezi mitatu, kumbe himoglobini yake, kile kipimo cha wingi wa damu, ni tisa. Chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu. Chai yetu ina mchango wake. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma ya mchicha na choroko yasiingie mwilini. Isogeze saa moja mbele. Badala yake kamulia ndimu juu ya mboga, au kula chungwa baada ya mlo, hilo linafanya kinyume cha chai. Kwa anayekula maini mara moja kwa wiki, na dagaa siku nyengine, ni vizuri. Vidonge vya chuma vimezwe baada ya kupimwa, kwa maji au maji ya chungwa.

Mazoezi nitayapita haraka, kwa sababu mnajua na hamfanyi. Dakika 150 kwa wiki. Shuka daladala vituo viwili kabla. Vikundi vya mazoezi vya mitaani vipo, ndio hao wanaokusanyika kila tarehe mosi Januari. Siku nyengine wanakimbia asubuhi na hawamkatai mtu.

Kuna mambo ambayo uji hauyamalizi, na hapa naomba simu ziwekwe chini. Mwenzako chumbani ambaye kwa wiki mbili hali, halali, hacheki. Anayekula kisha anakwenda kujitapisha kwa makusudi. Anayekonda mpaka nguo zinamvuka. Anayesema bora asingezaliwa, hata akisema kwa mzaha. Huyo usimpe ushauri wa chakula, na usimwambie ajikaze. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi, na ukimkosa, hospitali. Kidongo Chekundu, wanakotibiwa wagonjwa wa akili, ni hospitali ya matibabu kama nyengine. Maneno ya mitaani juu ya jina lile yamewachelewesha watu wengi. Wazee wakitaka asomewe dua, asomewe, na kwa daktari aende pia. Mambo hayo mawili hayagombani. Akikutajia kufa, usimwache peke yake usiku ule.

La mwisho ni asubuhi ya mtihani wa saa tatu, kwa sababu nimeulizwa mlangoni na watu wanne. Chakula kiliwe kabla ya saa moja na nusu: mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha mkate wa boflo au muhogo, ndizi moja. Mayai yachemshwe usiku uliotangulia, yabaki na maganda yake, ili asubuhi lisitafutwe jiko. Chai kikombe kimoja kama umezoea. Siku ya mtihani si siku ya kujaribu kahawa kwa mara ya kwanza. Maji nusu lita mpaka saa mbili, baada ya hapo ni kulowesha mdomo tu. Tumbo likikataa, uji ule wa mwanzo, kwenye chupa, uunywe ndani ya daladala.

Nje, upande wa kantini, kuna meza ya kupima damu. Ni tone moja la kidoleni na jibu linatoka pale pale. Akina dada watangulie. Wenye maswali wabaki, tuanze na yule wa safu ya tatu aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja urojo.